Seti ya meno

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri hadithi fupi kutoka Kiingereza. Haikuwa kazi kubwa, kurasa kumi na nane tu, na malipo yake yalitosha chai na maandazi ya wiki moja, lakini nilikuwa na hamu ya kuona jina langu limechapwa mahali. Katika ukurasa wa tano kuna mama ambaye kijana wake amerudi nyumbani usiku baada ya kupotelea mjini miaka mingi. Mama anafungua mlango, anasimama, hasemi neno. Mwandishi anatuambia kijana alitazama "the set of her jaw" na papo hapo akajua hatasamehewa. Mimi nikaandika: "aliitazama seti ya meno yake".

Usinicheke haraka. Neno "set" nilikuwa nalijua kama ninavyoijua njia ya kwetu. Seti ya vikombe, seti ya sufuria, seti ya kochi, seti ya dhahabu anayovishwa bibi harusi. Taya lina meno, meno ni mengi na yanakwenda pamoja, basi ni seti. Hesabu yangu ilikubali. Mhariri naye, kama alisoma, ilimkubali. Kitabu kikatoka. Aliyenishtua ni rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, aliyenipigia simu saa nne usiku akiwa hoi kwa kicheko: "Hivi huyu mama ana meno ya bandia? Na kijana aliyaonaje gizani?"

Hiyo ni aibu ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Mwaka uliofuata nilihudhuria mkutano mmoja wa watu wa vitabu. Mada ilikuwa ile ile ya siku zote: je, Kiswahili kinaweza kubeba fasihi nzito? Akasimama mzee mmoja msomi, mtu wa heshima zake, akasema: "Vijana, tusidanganyane. Neno moja tu la Kiingereza, 'set', lina maana 430. Neno moja! Sisi tuna nini? Tuna 'piga'. Mtu akikosa kitenzi anasema piga. Piga pasi, piga picha, piga deki, piga mswaki. Lugha gani hiyo inayopiga tu?" Ukumbi mzima ulicheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti, kwa sababu nilidhani kila mtu mle ndani amesoma habari za yale meno. Ningekuwa najua ninayoyajua leo, ningenyoosha mkono.

Tuanze na hiyo namba, maana si ya uongo. Imetoka katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililochapwa mwaka 1989 katika juzuu 20. Humo kitenzi "set" kimepewa maelezo ya maneno 60,000 hivi. Hebu fikiria: maneno 60,000 ni riwaya nzima ya kusoma siku mbili tatu, nao wameyamaliza kuelezea kitenzi chenye herufi tatu. Kitenzi chenyewe kikiwa peke yake kilipewa maana kama 430. Ukiongeza misemo yake kama "set up" na "set off", zinafika karibu 580.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na namba nyingine. Watu wa kitabu cha rekodi cha Guinness walikuwa wakiitaja "set" kuwa bingwa wa maana nyingi kwa hesabu hii: matumizi 58 kama nomino, 126 kama kitenzi, 10 kama kivumishi. Jumla 194. Sasa jiulize, ilikuwaje 194 ikawa 430? Neno halikuzaa kwa mkupuo namna hiyo. Kilichobadilika ni kisu. Muhogo ule ule, mmoja kaukata vipande vinne, mwingine kaukata kumi. Je, kutega mtego na kutega wavu ni maana moja au mbili? Kuna siku mhariri wa kamusi anasema moja, na kuna siku anasema mbili, na wote wawili wana sababu.

Halafu yule mzee, kwa heshima zote, alikuwa anashangilia bingwa aliyekwisha kuvuliwa taji. Wahariri wa Oxford walipoanza kuipitia upya kamusi yao, "make" iliipita "set" mwaka 2000, "put" ikaipita "make" mwaka 2007, na mwaka 2011 ikaja "run" na maana 645 kwa kitenzi peke yake. Mhariri aliyeishughulikia "run", Peter Gilliver, ilimchukua miezi tisa. Miezi tisa, bwana, mtu mzima, kitenzi kimoja! Hilo la miezi tisa naomba ulishike, tutalirudia.

Kamusi hiyo ilianzaje? Mwaka 1857 kasisi Richard Chenevix Trench alitoa mihadhara mbele ya Chama cha Filolojia cha London kuhusu upungufu wa kamusi za Kiingereza. Hoja yake kubwa, nikiisema kwa maneno yangu, ni kwamba mtunga kamusi si hakimu wa lugha bali ni mwandishi wa historia yake. Kazi yake si kuamua neno lipi zuri na lipi baya. Kazi yake ni kuandika maisha ya kila neno tangu lilipozaliwa, kwa ushahidi wa maandishi. Wakati huo hilo lilikuwa wazo jipya. Zaidi ya miaka mia moja nyuma yake Samuel Johnson alikuwa ameshatoa kamusi yake ya mwaka 1755, yenye maneno 42,000 na ushei, na humo kitenzi "take" kilikuwa na maana 134. Hata Johnson alijua kwamba maneno magumu si yale marefu. Anayemsumbua mtunga kamusi ni yule mfupi anayeingia kila nyumba bila hodi.

Mhariri wa kwanza wa mradi ule, Herbert Coleridge, alikufa kijana wa miaka 30, mwaka 1861. Baadaye sana, mwaka 1879, kazi ikamwangukia James Murray, Mskoti, mtoto wa fundi cherehani, aliyeacha shule akiwa na miaka 14. Akakubaliana na chapa ya Oxford: juzuu nne, miaka kumi. Akajenga banda la mabati uani kwake, akaliita Scriptorium, akalijaza vishubaka 1,029 vya kuwekea vipande vya karatasi. Wasomaji wa kujitolea, wengi wao watu wa kawaida kabisa, walisoma vitabu, wakanakili sentensi zenye neno fulani, wakamtumia kwa posta. Mmoja wa waliotuma sana alikuwa daktari Mmarekani, W. C. Minor, aliyekuwa amefungiwa katika hospitali ya wendawazimu wahalifu ya Broadmoor kwa kosa la kuua. Kisa chake kimeshatengenezewa filamu, kwa hiyo siendi huko. Murray alikuwa na watoto kumi na mmoja, nao waliwekwa kazini kupanga karatasi kwa alfabeti. Baada ya miaka mitano ya mkataba ule wa miaka kumi, walikuwa wamefika neno "ant". Sisimizi!

Kuna jambo moja katika habari za Murray ambalo nikilisoma husimama kidogo. Wasomaji wale wa kujitolea walipenda maneno adimu. Mtu akikutana na neno la ajabu alinakili mbio mbio. Neno la kila siku alilipita kama anavyolipita jiwe la mlangoni kwake. Murray alilalamika kwamba kwa neno "abusion", ambalo hakuna anayelitumia, alikuta nukuu kama 50, na kwa "abuse", ambalo kila mtu analo mdomoni, hazikufika hata tano. Ikabidi yeye na wasaidizi wake waingie wenyewe vitabuni kuwasaka hawa wa kawaida. Waingereza pia, kumbe, hawakuwa wakiyaona maneno yao madogo. Yalionekana baada ya mtu kulipwa kuyatazama.

"Set" yenyewe haikumwangukia Murray. Sehemu ya S inayoanza na "sa" hadi "sh" ilikuwa ya Henry Bradley, na huyu ndiye kipenzi changu katika historia nzima. Bradley alikuwa karani wa kuandika barua za biashara katika kampuni ya visu huko Sheffield. Lugha alijifundisha mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alijua kusoma kitabu kilichopinduliwa juu chini, kwa sababu alijifunza kusoma akiwa mdogo, amesimama mbele ya baba yake aliyepakata Biblia wakati wa sala. Mwaka 1884 alihamia London kutafuta riziki ya kuandika magazetini. Nyumba haikuwa na samani, kwa hiyo alitumia kreti la chai kama meza, na juu ya kreti hilo akaandika mapitio ya sehemu ya kwanza ya kamusi ya Murray. Alisifu, lakini pia alisahihisha, na alisahihisha vizuri mno hata Murray badala ya kununa akamtafuta. Mwaka 1888 Bradley alikuwa mhariri kamili. Murray alikufa mwaka 1915 akiwa katika herufi T. Bradley akashika usukani, akafa mwaka 1923, na kamusi ikakamilika mwaka 1928 ikiwa na maneno zaidi ya 400,000 na nukuu zaidi ya milioni 1.8. Miaka kumi ilikuwa imekuwa karibu hamsini. (Kwa wapenzi wa Tolkien: ndiyo, naye alikuwemo. Alifanya kazi chini ya Bradley mwaka 1919 na 1920, akahangaika na herufi W, wakiwemo nyigu na walarasi.)

Basi kijana aliyeanzia kwenye kreti la chai ndiye aliyekaa na "set". Nasema alikaa nayo kwa makusudi, maana sasa tunaingia ndani ya neno lenyewe.

"Set" ni mtoto wa "sit". Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na "sittan", kukaa, na "settan", kukalisha. Yaani "set" ni kukifanya kitu kikae. Sisi kwa hili hatuhitaji mwalimu. Kaa, kalisha. Keti, ketisha. Lala, laza. Anguka, angusha. Nywa, nywesha. Darasa la pili anajua. Kiingereza nacho kilikuwa na utaratibu wa kufanana na huo, lakini ulikufa zamani, yakabaki mabaki yake tu kama magofu ya Kilwa: "lie" na "lay" ni lala na laza, "fall" na "fell" ni anguka na angusha, ndiyo maana mkata mti anasemwa ku-"fell" mti, "drink" na "drench" ni nywa na nywesha, ingawa leo aliyelowa mvua chapachapa na kusema yuko "drenched" hajui kwamba anasema amenyweshwa. Mwingereza wa leo hawezi kutengeneza jozi mpya kwa njia hiyo. Mswahili anatengeneza kila siku, hata kwa neno lililoshuka jana kutoka kwenye simu.

Ukishaijua siri hiyo, maana nyingi za "set" zinaacha kuwa msitu. Vito vinakalishwa kwenye pete. Mfupa uliovunjika unakalishwa mahali pake. Herufi za chapa zinakalishwa kwenye mstari. Kuku anakalishwa juu ya mayai. Mtego unakalishwa njiani. Zege linamwagwa likiwa uji, halafu linakaa; mafundi wetu wanasema limeshika. Na jua? Wale wazee wa Kiingereza cha kale walikuwa na neno zuri kwa machweo: "setlgang", mwendo wa kwenda kitini. Jua limechoka, linakwenda kukaa. Sisi jua letu linatua, kama mchukuzi anavyotua mzigo, kama ndege anavyotua tawini. Sitaki kusema picha ipi nzuri zaidi. Ninachosema ni kwamba sijawahi kusikia mtu akisimama mkutanoni kuisifu "tua".

Lakini si kila "set" ni mtoto wa "sit", na hapa ndipo nilipoumbuka mimi. Ile "set" ya vikombe, kundi la vitu vinavyokwenda pamoja, ilifika Uingereza kwa njia nyingine. Ilitoka Kifaransa cha kale, "sette", na huko ilitoka Kilatini, "secta", yaani wafuasi, watu wa njia moja. Ni ndugu wa neno linalotumika kwa madhehebu. Vikombe sita na birika lao, kwa asili, ni dhehebu. Zikakutana mji mmoja, zikafanana sura, watu wakadhani ni mtu mmoja, na kweli kadiri karne zilivyokwenda zikaambukizana tabia. Kwetu tuna "kaa" wa baharini anayetembea upande, "kaa" la moto, na "kaa" la kukaa. Kamusi zetu zimewatenga, kila mmoja na mstari wake, na hakuna mtoto anayechanganya. Mimi niliichukua "set" ya Kifaransa nikaipachika mahali pa "set" ya Kiingereza cha kale. Ni kama mtu asome "kaa hapa mwanangu" akafasiri kwamba mtoto anaitwa kaa wa pwani.

Hiyo "set" ya kundi ndiyo iliyofika mbali zaidi. Mjerumani Georg Cantor alipoanzisha ile hisabati yake ya makundi katika miaka ya 1870, baadaye akatumia neno la kawaida la Kijerumani, "Menge", wingi. Waingereza hawakuwa na haraka ya kusema "set"; tafsiri ya maandishi ya Cantor iliyotoka mwaka 1915 bado ilisema "aggregate". "Set" ilishinda baadaye, na kwa mlango huo ikaingia mpaka kwenye Hisabati ya Kiswahili. Nakumbuka mwalimu akichora ubaoni duara mbili zinazopandana, na siku ile alipotueleza seti tupu. Seti isiyo na kitu ndani bado ni seti. Jirani yangu wa dawati alipinga sana. Sahani tupu si chakula, alisema.

Ukiangalia "seti" yetu utaona tulikopa kwa kuchagua, kama mtu aliyeingia dukani na orodha mkononi. Tulichukua seti ya vyombo, ya vito, ya Hisabati, na ya mpira wa wavu. Tulichukua kuseti saa, alaamu na simu. Wanawake wakachukua kuseti nywele. Dada yangu mkubwa alikuwa anarudi saluni Jumamosi kichwa kimejaa rola, na ole wako umguse kabla hazijashika. Angalia neno hilo tena: kushika. Ni lile lile la fundi zege. Tulikopa "kuseti" kwa kichwa cha dada, lakini kwa zege tulibaki na letu.

Na mengine tuliyakataa kabisa. Mtego tunautega, hatuuseti. Meza ya chakula tunaiandaa. Mtihani unatungwa. Tanga linatwekwa. Moto unawashwa, mfungwa anaachiwa huru. Mahali pa kupigia filamu Waingereza wanaita "set", lakini waigizaji wetu wa Bongo Movie wako "lokesheni", hata kama lokesheni yenyewe ni sebule ya jirani. Kenya, vitabu vya fasihi vilivyopangwa kwa mtihani wanafunzi wanaviita setbuku, ilhali kwa Kiswahili cha darasani ni vitabu teule. Napenda tofauti hiyo. Kwa Kiingereza kitabu kimekalishwa, umekikuta, huna la kusema. Kwa Kiswahili kuna mtu amekiteua, na mtu anayeteua unaweza kumuuliza kwa nini.

Sasa turudi kwa "piga", ile iliyotuchekesha.

Piga hodi, piga simu, piga kura, piga magoti, piga mluzi, piga miayo, piga chafya, piga mbizi, piga kambi, piga kona, piga breki, piga marufuku, piga mnada, piga ramli, piga soga, piga chuku, piga jeki, piga debe, piga chabo, piga chini. Siku hizi kuna piga pesa, na wanaozipiga wanaitwa wapigaji, na kitendo chao ni upigaji, na hakuna Mtanzania anayedhani kuna mtu kachapwa kofi. Mtu atasema: hizo si maana za piga, ni misemo, nomino ndiyo inayobeba. Sawa. Lakini katika "set sail" ni nini kinachobeba? Ondoa tanga uone "set" inabaki na nini. Wenzetu kitu kama hicho wanakihesabia kitenzi, wanakipa namba yake, mwaka wake na nukuu zake. Sisi tunakiweka chini ya "piga" kama mfano, kwa herufi za mlalo, tunapita. Halafu tunahesabu namba za kwao na namba za kwetu, tunainamisha kichwa.

Na hapo bado hujaigusa minyambuliko. "Set up" na wenzake waliongeza maana 150 katika hesabu ya Oxford. "Piga" inazaa pigia, pigana, piganisha, piganiana, pigwa, pigika, pigo, kipigo, mapigo, mapigano, mpiganaji, na moyo wenyewe unapiga. Kupigania uhuru na kupigana uhuruni ni mambo mawili, na tofauti yake imebebwa na vokali moja. Hivi visu vyetu vimefanya kazi gani hapa?

Ndipo nilipoomba ukumbuke ile miezi tisa. Kamusi ya kwanza kubwa ya Kiswahili kuchapwa kwa Kiingereza ilikuwa ya Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na katika mwaka huo huo akazika mke na mtoto. Maneno aliyoyaanza kuyakusanya wakati ule yalichapwa London mwaka 1882, naye alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Wakati ule ule Murray alikuwa bandani na vishubaka vyake 1,029, akitumiwa karatasi na mamia ya watu, na chapa ya chuo kikuu nyuma yake. Baadaye akaja Madan, kisha Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 na kamusi za Frederick Johnson (si ndugu wa yule wa 1755), na mwaka 1981 Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya wenyewe kwa wenyewe pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Juzuu moja. Nawaheshimu sana waliofanya kazi ile kwa rasilimali walizokuwa nazo. Lakini ukilinganisha juzuu moja na juzuu 20 hulinganishi lugha. Unalinganisha mishahara, karatasi, posta na miaka. Maana 430 za "set" ni kumbukumbu ya watu waliolipwa wakae na neno moja mpaka liseme lote. Mpe mtu miezi tisa na "piga", umlipe, umpe msaidizi wa kupita vitabuni, magazetini, sokoni na kwenye vijiwe vya bodaboda, halafu ndiyo uje mkutanoni.

Mimi sikulipwa na mtu, ila kwa uchungu wa yale meno nilijaribu zoezi hilo na neno dogo zaidi kwa wiki mbili. Nililichagua "kaa", ndugu wa mbali wa "set" kwa tabia. Nilibeba daftari kwenye daladala. Mtu anakaa kitako. Anakaa Tandale. Gauni limemkaa. Wali umekaa sana, umechacha. Rangi ya kitenge haikai, inachuja. Jambo hili limekaaje? Amekaa kama anaumwa. Amekaa kimya. Kaa chonjo. Kaa mkao wa kula, ambalo ni jibu letu kwa Mwingereza anayesema yuko "all set". Kikao kimeahirishwa. Makao makuu yamehamia Dodoma. Siku ya kumi na tatu, foleni ya Ubungo, mama mmoja nyuma yangu alikuwa akimweleza mwenzake habari za mkwe wake. "Shoga, nilivyomwona tu mkao wa uso wake, nikajua leo hapana."

Nilishuka kituo kisicho changu ili niandike vizuri.

Mkao. "Aliutazama mkao wa taya lake, akajua." Neno lilikuwepo muda wote, limekaa palepale, na limetengenezwa kwa njia ile ile waliyotengenezea lao: kutoka kukaa. Toleo la pili la kile kitabu lilipokuja niliomba sentensi ibadilishwe, na ilibadilishwa. Lakini chapa ya kwanza bado iko duniani. Juzi niliiona imetandazwa chini kwa muuza vitabu wa mitumba, shilingi elfu mbili, kona zimekunjika. Nilifungua ukurasa wa tano. Mama bado amesimama mlangoni, na kijana bado anayatazama meno.